Bei ya mfuko wa dhahabu na dhahabu yenyewe

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya isha, ami yangu alinikuta barazani, akakaa, akanipa simu yake.

"Nisomee hapa, mwanangu. Dhahabu imepanda wiki nzima, redioni wanasema, masonara wanasema. Hivi vipande vyangu mbona havisongi?"

Nikatazama. Bei iliyoandikwa pale ilikuwa ile ile ya Jumanne, na siku ile ilikuwa Jumatatu nyingine. Sikujibu mara moja, akaona nimenyamaza.

"Nimeibiwa?"

"Hujaibiwa, ami. Lakini kesho usiuze kwanza."

Alikuwa ashampigia wakala wake wa hisa, amwambie vipande vyote viuzwe asubuhi kwa bei iliyopo. Alibakisha siku kumi na kitu kukamilisha pesa za hija, na akiba hiyo aliiweka katika mfuko wa dhahabu miaka kadhaa nyuma ili isiliwe na matumizi ya nyumbani. Mimi kazi yangu ni hesabu katika ofisi ya klaringi. Si mshauri wa uwekezaji wala sina leseni ya kumwambia mtu anunue au auze. Lakini swali la ami nimeulizwa tena na watu wengine wawili tangu siku ile, na jibu lake ni refu kuliko la kusimuliwa njiani, kwa hivyo nimeona niliandike.

Mifuko hii kwa kifupi huitwa ETF. Ni mfuko ulionunua mali fulani, iwe dhahabu, hisa za kampuni nyingi au bondi za serikali, kisha ukaigawa mali hiyo katika vipande vidogo vinavyouzwa katika soko la hisa kama zinavyouzwa hisa za Safaricom. Kwa hivyo kila kipande kina namba mbili. Ya kwanza ni thamani ya mali iliyo ndani yake. Ya pili ni bei ambayo watu wanakubali kuuziana kipande chenyewe sokoni. Wengi wetu hudhani namba hizi ni moja, au kwamba kuna afisa mahali fulani anayehakikisha zinalingana. Hakuna afisa kama huyo. Zinapolingana, zimelinganishwa na wafanyabiashara wanaotafuta faida yao wenyewe.

Niliyomweleza ami ni haya. Chukulia kuna ghala Kongowea linalohifadhi vikapu. Kila kikapu kina nazi 10, mchele kilo 5 na maharagwe kilo 2, na ghala hutoa tikiti moja kwa kila kikapu. Tikiti hizi zinauzwa nje, barabarani, kwa bei ya mapatano. Sasa asubuhi moja vitu vya kikapu, ukivinunua kimoja kimoja sokoni, ni shilingi 1,500. Lakini tikiti nje zinauzwa 1,350, kwa sababu leo wenye tikiti wana shida ya pesa na wanunuzi ni wachache. Mama mmoja mfanyabiashara anaiona tofauti hiyo. Ananunua tikiti 50 kwa shilingi 67,500, anaingia nazo ghalani, anatoka na vikapu 50, anauza vilivyomo kwa 75,000. Amlipe hamali na mkokoteni wake, kinachobaki ni chake.

Kesho yake watakuja kina mama watano. Kila mmoja anayekimbilia tikiti za bei rahisi anaipandisha bei ya tikiti, na kila anayemwaga nazi na mchele sokoni anaishusha bei ya vitu kidogo, mpaka tofauti inabaki ndogo kiasi cha kutomlipa hata hamali. Hapo wanaacha. Ikiwa tikiti zimepanda hadi 1,650, mchezo unageuzwa: wananunua nazi, mchele na maharagwe, wanajaza vikapu, wanavipeleka ghalani, wanapewa tikiti mpya na kuziuza nje. Tikiti zinaongezeka, bei inashuka.

Ndivyo ETF inavyofanya kazi, neno kwa neno karibu. Ghala ni mfuko. Kina mama ni benki na kampuni kubwa za biashara zilizopewa idhini ya kuingia kwa mlango wa ghala. Mimi na wewe haturuhusiwi kuingia. Mlango hauchukui tikiti moja moja. Katika masoko makubwa hubadilishwa kwa mafungu, mara nyingi makumi ya maelfu ya vipande kwa mkupuo. Sisi tunauziana tikiti barabarani tu, lakini tunafaidika kwa sababu mlango uko wazi na kuna watu wanaoulinda kwa tamaa yao wenyewe. Wallahi ni mojawapo ya mambo machache ambapo tamaa ya mkubwa inamsaidia mdogo, maadamu mlango haujafungwa.

Turudi kwenye dhahabu. Mfuko wa kwanza wa aina hii kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi ni NewGold, Machi 2017. Ulianzia Afrika Kusini, katika soko la Johannesburg, mwaka 2004. Mwanzoni kila kipande kilikuwa takriban sehemu moja ya mia ya aunsi ya dhahabu. Nimesema mwanzoni, kwa sababu dhahabu haizai. Haina gawio wala kodi ya nyumba. Ada za kuuendesha mfuko na kuitunza dhahabu hulipwa kwa kuuza dhahabu yenyewe kidogo kidogo, kwa hivyo kila mwaka unaopita kipande kinakuwa na dhahabu pungufu kidogo. Watu wengi hawalijui hili, nami sikulijua mpaka nilipokaa na karatasi za mfuko. (Kuhusu hukumu ya kidini ya biashara hii, mwulizeni shekhe mnayemwamini. Hapa nazungumzia bei tu.)

Hesabu yake basi ni kuzidisha mara mbili na kugawa mara moja. Chukulia aunsi ni dola 2,000 na dola moja ni shilingi 130. Aunsi nzima ni shilingi 260,000, na sehemu yake moja ya mia ni 2,600. Ukikadiria kwamba ada zimekula asilimia 7 tangu kuanza, unabaki na 2,418. Hiyo ndiyo thamani ya mali iliyo ndani ya kipande kwa namba za mfano wangu. Weka namba za siku yako, na kiasi halisi cha dhahabu kilichoandikwa katika taarifa za mfuko, upate ya kwako.

Angalia kwamba dola imo ndani ya hesabu hiyo. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa na wala hayahusu soko kabisa. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, na aunsi ya dhahabu ilikuwa kama dola 2,040. Hiyo ni zaidi ya shilingi 326,000 kwa aunsi. Kufikia mwisho wa Machi dhahabu ilikuwa imepita dola 2,200, magazeti yakaandika rekodi mpya, lakini shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu hadi karibu 131 kwa dola. Hata ukiihesabu dhahabu kwa 2,200, unapata shilingi 288,200. Dhahabu ilipanda kwa dola ikashuka kwa shilingi, ndani ya miezi miwili. Mwenye vipande Nairobi aliyeona bei inateremka wakati ule hakudhulumiwa na mtu. Alikuwa na mali ya dola katika nchi ambayo dola imeshuka.

Kwa hivyo jambo la kwanza nililomfanyia ami barazani pale lilikuwa kutafuta bei ya dhahabu ya jioni ile na bei ya dola, na kupiga hesabu kwenye karatasi ya mahamri. Dola ilikuwa haijasonga. Dhahabu kweli ilikuwa imepanda. Thamani ya kipande kwa hesabu yangu ilikuwa juu ya bei ya simuni kwa shilingi 190. Naye alikuwa na vipande 140. Ukizidisha ni shilingi 26,600.

Pesa hizo hazikuibwa na mtu. Ile namba ya simuni haikuwa bei ya siku ile. Ilikuwa bei ya mara ya mwisho watu wawili walipouziana, na mara hiyo ya mwisho ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Mifuko kama huu haiuzwi sana Nairobi. Zinaweza kupita siku kadhaa bila kipande hata kimoja kubadilisha mkono, na skrini itaendelea kuonyesha bei ya zamani kama saa ya ukutani iliyokwisha betri. Kina mama wa ghalani wako pia, lakini mlango mkubwa uko Johannesburg, na kwa tofauti ndogo katika soko jembamba kama letu safari ya kuufikia haimlipi mtu. Ndiyo maana tofauti inaweza kukaa siku nyingi hapa, wakati katika masoko makubwa ingefutika kwa dakika chache.

Wakala aliyeambiwa "uza kwa bei iliyopo" anaangalia nani anataka kununua. Ikiwa mnunuzi aliyepo ni mmoja tu, naye ameweka bei ya Jumanne au chini yake, vipande vinakwenda kwake. Hakuvunja sheria yoyote. Amefanya alichoambiwa.

Ami aliposikia haya akasema, "Basi namba ya simuni ndiyo ya uongo na hesabu yako ndiyo kweli." Hapo ikabidi nimzuie, kwa sababu si hivyo kila wakati, na kosa la upande wa pili ni la gharama vilevile.

Binamu yangu anayefanya kazi Doha hununua kwa simu mfuko wa hisa za Japani unaouzwa New York. Alinipigia siku moja amehamaki: thamani iliyotangazwa ya mali ya mfuko ni kiasi fulani, na bei yake sokoni iko chini kwa asilimia 2. Alitaka kununua kwa pupa, akidhani ameokota cha rahisi. Lakini soko la Tokyo hufungwa asubuhi ya huku kwetu, na New York hufunguliwa alasiri yetu. Katikati ya hapo dunia haikai. Siku ile habari mbaya ilitoka mchana, na waliokuwa wakiuziana New York walikuwa wanakadiria hisa za Japani zitafunguka kwa bei gani kesho yake. Thamani iliyotangazwa ilikuwa imepigwa kwa bei za asubuhi. Iliyochelewa ilikuwa thamani, na bei ndiyo iliyokuwa na habari mpya. Kesho yake Tokyo ilifunguka chini, na ule urahisi haukuwapo.

Jambo hilohilo lilitokea kwa ukubwa Machi 2020, korona ilipoingia. Mifuko ya bondi ya Marekani, ambayo watu huiweka kama mahali pa salama, ilianza kuuzwa chini ya thamani ya mali yake. Tarehe 12 Machi mmoja wa mifuko mikubwa kabisa ya bondi, ule wa Vanguard unaobeba bondi za Marekani za aina nyingi, ulifunga ukiwa chini kwa takriban asilimia 6. Kwa mfuko wa aina hiyo ni jambo la kushtua. Wengine walisema ETF zimevunjika. Lakini bondi nyingi siku zile hazikuwa zikiuzwa kabisa. Bei zilizotumiwa kupiga thamani zilikuwa makadirio ya watu waliokaa ofisini, ilhali vipande vya mfuko vilikuwa vinauzwa kwa pesa taslimu kila sekunde. Na kina mama wa ghalani walisita: nani abadilishe tikiti apewe kikapu cha bondi asizoweza kumwuzia mtu? Tarehe 23 Machi benki kuu ya Marekani ilipotangaza kwamba itanunua bondi za makampuni, na hata ETF zenyewe, biashara ilirudi na pengo likazibika.

Kwa hivyo unapoziona namba mbili zimeachana, swali la kuuliza ni ipi imechelewa. Katika mfuko wa ami ilikuwa bei. Katika mfuko wa binamu ilikuwa thamani. Kipimo changu ni rahisi: ni kipi kati ya viwili hivi, kipande au mali yenyewe, kinachouzwa kweli saa hii kwa wingi? Dhahabu inauzwa duniani karibu usiku na mchana, kwa hivyo ikigongana na skrini ya Nairobi isiyosonga, naiamini dhahabu. Hisa za Japani usiku wa Japani zimelala, kwa hivyo naviamini vipande vilivyo macho.

Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo ningependa mwenye akiba ndogo aiogope zaidi. Ni pale namba zote mbili ni za leo, hakuna iliyochelewa, na bado zimeachana kwa mbali mwaka baada ya mwaka. Hapo jua kwamba ghala halina mlango.

Tunao mfano hapa Kenya. Mwaka 2015 mfuko wa majengo wa Fahari uliorodheshwa Nairobi, kipande kwa shilingi 20. Si ETF, ni nduguye tu: ulimiliki majengo, likiwemo Greenspan Mall kule Nairobi, na vipande vyake viliuzwa sokoni kama hisa. Majengo yalikuwapo, wapangaji walilipa kodi, na wenye vipande walipata gawio. Lakini bei sokoni iliteremka mpaka karibu na shilingi 6, wakati mali iliyokuwa nyuma ya kila kipande ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa vitabu vya mfuko wenyewe. Kwa nini mama wa Kongowea hakuja kununua vya 6 na kuvibadilisha? Kwa sababu hakuna pa kubadilisha. Huwezi kwenda Greenspan na mfuko wa vipande ukapewa kaunta moja ya duka ukauze. Anayetaka kutoka lazima ampate mtu mwingine wa kuchukua nafasi yake, na mtu huyo alikuwa anataka punguzo. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na Februari 2024 vipande viliondolewa katika soko kuu. Aliyenunua kwa 20 akauza kwa 11 aliyapoteza hayo hata kama jengo halikupoteza tofali moja.

Vijana wetu wanaopenda bitkoini wanao mfano wao pia. Mfuko wa Grayscale wa Marekani ulibeba bitkoini kwa miaka bila kuwaruhusu wenye vipande kuvirudisha. Mwanzoni vipande viliuzwa kwa bei ya juu kuliko bitkoini iliyomo, kwa kuwa njia nyingine za kuinunua kupitia soko la hisa zilikuwa chache. Baadaye mambo yakageuka, na Desemba 2022 vilikuwa vikiuzwa karibu nusu ya thamani ya bitkoini iliyomo ndani. Nusu! Bitkoini ile ile, mtunzaji yule yule. Januari 2024 mfuko ukaruhusiwa kugeuzwa ETF, mlango ukafunguliwa, na pengo lililodumu miaka likawa limetoweka karibu lote. Sijaona mahali pengine ambapo kazi ya mlango imeonekana wazi kiasi hiki.

Ami alikuwa na mfuko wenye mlango, ingawa mlango uko mbali. Hilo lilitupa moyo wa kungoja, lakini si sana, kwa sababu hija haingoji, na baada ya kuuza malipo Nairobi huchukua siku tatu za kazi.

Asubuhi tulimpigia wakala pamoja. Ami aliifuta amri ya kwanza, akatoa nyingine yenye bei: vipande visiuzwe chini ya kiasi fulani. Tulichagua shilingi 30 chini ya hesabu yetu, ili mnunuzi naye aone kitu cha kumvutia. Nilimwonya kwamba huenda asipate mnunuzi kabisa, na ikifika siku ya tano itabidi ateremke. Akasema sawa, lakini jioni alinipigia mara tatu.

Siku ya kwanza hakuna kilichouzwa. Siku ya pili vikatoka vipande 60 kwa mkupuo mmoja, kwa mtu tusiyemjua. Siku ya tatu kimya. Siku ya nne vikatoka vingine 60, na bei ya skrini, ile iliyokuwa imelala, ikaruka ghafla hadi kwenye bei yetu. Ami akanionyesha simu kwa furaha, "Tazama, imepanda leo." Nikamwambia haikupanda leo, ami, hiyo ni wewe mwenyewe umeuza.

Vipande 20 vimebaki. Pesa za hija zimetimia bila hivyo, na kila Ijumaa tukitoka msikitini ananiuliza dola ni ngapi.